Skrubu Moja ya Shaba

Kila siku, saa kumi jioni, msichana mmoja wa darasa la saba alivua sare ya shule, akavaa gauni lake kuukuu na kuingia katika karakana ya baba yake iliyokuwa mbele ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kufagia maranda, kuokota skrubu zilizoanguka na kuzitenga, za chuma kwenye kopo moja na za shaba kwenye kopo jingine. Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyempa, ilikuwa kuongea. Aliongea akifagia, akaongea akiokota, na kama ingewezekana angeongea akinywa maji. Ndiyo maana nyumbani, shuleni na mtaa mzima alijulikana kwa jina la Chiriku, na hata mama yake mzazi hakukumbuka mara ya mwisho alimwita kwa lile la kuzaliwa ilikuwa lini.

Baba yake alikuwa seremala wa maneno machache. Majirani walisema kwamba maneno yake yote alimrithisha bintiye, yeye akabaki na randa. Hata hivyo alikuwa na kanuni zake. Mtu akileta kiti kinacholia, hakukimbilia bisibisi. Alikiweka juu ya benchi, akafumba jicho moja, akakitazama mguu kwa mguu kama mtu anayelenga shabaha, kisha ndipo aliposema, "Kinacholia kimelegea. Kaza."

Chiriku aliisikia kanuni hiyo tangu hajajua kusoma, na aliipenda kwa kuwa ilikuwa fupi na ilifanya kazi. Kitanda kikilia, kaza. Bawaba ikilia, kaza. Lile la kufumba jicho na kutazama kwanza, yeye alilichukulia kuwa ni madaha ya mafundi tu.

Mwaka huo alikuwa na jambo jingine la kujivunia. Shule yao ilikuwa imepata gitaa la umeme, moja tu, jekundu, lililochubuka rangi pale ambapo mkono wa mpigaji ulipumzika kwa miaka mingi. Lilitolewa na mama mmoja mtu mzima aliyetengeneza vyerehani nyuma ya soko. Zamani mama huyo alipiga gitaa katika bendi ya dansi, watu wakamwita Mama Nyuzi. Alipoacha muziki na kushika vyerehani, jina likamfuata hukohuko, maana huko nako nyuzi hazikuisha. Siku alipolileta shuleni hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba gitaa hilo lilimlea yeye, sasa liwalee na hawa.

Mwalimu wa muziki aliwajaribu wanafunzi kumi na tisa, mmoja baada ya mwingine, na vidole vya Chiriku vikawapita wote. Jumamosi ya wiki ya mkasa huu shule ilikuwa inatimiza miaka arobaini. Wazazi wote walikuwa wamealikwa, na Chiriku ndiye angefungua sherehe kwa kupiga wimbo wa shule, yeye na gitaa lake tu. Mama Nyuzi angeketi mstari wa mbele, kando ya mwalimu mkuu, alisikie gitaa lake likiimba tena mbele ya watu. Basi tangu atangaziwe habari hizo, Chiriku alikuwa anatembea kichwa juu hata akienda kutupa taka.

Jumanne mwalimu alimruhusu kwenda nalo nyumbani akafanye mazoezi. Alimwekea sharti moja: asiguse kitu chochote zaidi ya vile vifunguo vya kichwani mwa gitaa vya kukazia nyuzi. Chiriku aliitikia kabla mwalimu hajamaliza sentensi, na mwenye kuitikia haraka hivyo mara nyingi huwa hajasikia vizuri.

Siku iliyofuata, Jumatano, baba alikwenda kufunga mlango kwa mteja, na mama alikuwa bado kazini. Chiriku aliketi juu ya benchi la karakana akaanza kupiga. Katika shingo ya gitaa kuna vichuma vyembamba vilivyolala kama vipandio vya ngazi, na mpigaji hubonyeza uzi juu yake ili apate sauti anayoitaka. Kwenye vichuma vya upande wa mwilini, sauti zilitoka safi. Kwenye vile vya upande wa kichwani, kila alipobonyeza, uzi ulilia "zzz" kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa.

Nzi huyo hakuwa mgeni. Alianza kusikika wiki mbili nyuma, tangu mwalimu alipotoa nyuzi nene za Mama Nyuzi na kuweka nyembamba ili watoto wasiumie vidole. Lakini siku hiyo alimkera Chiriku kupita kiasi. Akilini alimwona Mama Nyuzi pale mstari wa mbele, akisikiliza nzi. Aliona shule nzima ikicheka.

Ndipo alipokumbuka. Kinacholia kimelegea. Alijishangaa kwa nini hakuwaza mapema. Yaani mtoto wa seremala ahangaishwe na skrubu?

Kichwani mwa gitaa palikuwa na kifuniko kidogo cheusi kilichoshikwa na skrubu mbili ndogo nyeupe. Alikifungua kwa bisibisi. Chini yake aliona tundu, na ndani ya tundu nati iliyotaka ufunguo wa pembe sita. Baba alikuwa na funguo za namna hiyo, zile zilizopinda za kufungia vitanda, na wa tatu aliojaribu uliingia sawasawa. Akajiona fundi kamili. Akazungusha kulia, robo ya mzunguko, akapiga. Nzi bado yupo. Akaongeza robo ya pili. Nzi akazidi. Mwenye busara angesimama hapo akajiuliza, lakini Chiriku alikuwa amekolea, na akilini mwake hesabu ilikuwa moja tu: kama bado kinalia, bado kimelegea. Robo ya tatu ilikuwa ngumu. Akashika ufunguo kwa mikono miwili, akavuta, na ndani ya shingo kitu kikalia "ka."

Akapiga tena. Safari hii nzi hakuwapo, na wala sauti haikuwapo. Kwenye vichuma vitatu vya kwanza kutoka kichwani, uzi ulilala juu ya chuma na kusema "tup," kama mtu anayegonga meza kwa kidole.

Papo hapo akasikia kengele ya baiskeli ya baba ikija njiani. Akarudisha kifuniko mbiombio, na katika haraka hiyo skrubu moja nyeupe ikamponyoka vidoleni, ikatumbukia kwenye maranda. Alipekua kwa mikono miwili asiione. Akachukua skrubu ya shaba, ndogo kuliko zote kwenye kopo la baba, akaikaza mahali pake. Upande mmoja wa kifuniko ukawa na skrubu nyeupe, upande wa pili ya njano inayong'aa kama jino la dhahabu. Haraka haraka haina baraka, na siku hiyo ilimwachia alama.

Baba alimkuta anafagia kimya. Akamwuliza kama anaumwa. Chiriku akasema amechoka tu, na baba akamtazama kidogo, kwa jicho lilelile analotazamia mbao.

Alhamisi, baada ya masomo, mwalimu aliliunganisha gitaa na spika katika chumba cha muziki. Aligusa uzi wa kwanza, "tup." Akagusa wa pili, "tup." Akalichomoa, akalichomeka tena, akajaribu waya mwingine, mwishowe akaketi na kumgeukia Chiriku.

"Kuna mtu amegusa kitu chochote kwenye gitaa hili?"

Chiriku, mwenye maneno ya kujaza gunia, alitafuta moja la kweli asilipate. "Hapana, mwalimu," akasema.

Maneno mawili tu. Kilichomchoma ni kwamba mwalimu alimwamini palepale. Hakumwuliza mara ya pili. Lakini kama hakuna aliyeligusa, basi lilikuja bovu, na mwalimu, mtu mwema ila mwepesi wa kukasirika, hakukawia kufika huko. Alisema kumbe Mama Nyuzi alikuwa amekichoka kitu chake, akakitupia watoto na kukiita zawadi. Alilitia gitaa kwenye mfuko wake, akamwambia Chiriku amsindikize, wanalirudisha leo hii.

Duka la Mama Nyuzi lilikuwa chumba kimoja chenye vyerehani kila upande, vya mkono na vya miguu, vingine vimefunguliwa matumbo, na harufu ya mafuta ya mashine ilimpokea mtu tangu barazani. Juu ya ukuta palikuwa na msumari mmoja mkubwa, na chini ya msumari rangi ya ukuta ilikuwa nyeupe zaidi, kwa umbo la gitaa. Chiriku alipoiona alama hiyo alitamani ardhi ipasuke.

Waliamkiana. Mama Nyuzi akawavutia vigoda, lakini mwalimu alisema atasimama. Akaeleza shida hivyohivyo amesimama, kwa sauti ya adabu iliyo baridi. Mama Nyuzi alifuta mikono kwa kitambaa, akavaa miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, akalipokea gitaa na kulilaza mapajani kama mtu anayempokea mtoto. Akagusa uzi. Kidole gumba chake kikapita juu ya kile kifuniko cheusi, kikasimama kidogo, kisha kikaendelea.

"Kuna aliyegusa hapa?" akauliza.

Mwalimu akajibu kwamba hakuna. Alimwekea Chiriku mkono begani. "Nimemwuliza huyu, na huyu hajawahi kunidanganya."

Mama Nyuzi alivua miwani, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi. Chiriku alitazama vidole vya miguu yake.

"Sawa, mwalimu," Mama Nyuzi akasema taratibu. "Kama hakuna aliyegusa, basi ni mbao yenyewe iliyokata tamaa, na ikifika hapo sina dawa yake. Nisamehe. Niliwapa watoto nikidhani ni zima." Alisimama, akalitundika gitaa kwenye msumari wake, likakaa juu ya alama yake kama halikuwahi kuondoka. "Na Jumamosi mniwie radhi. Sitaweza kukaa mbele ya wazazi wakiniangalia kama mtu aliyekwenda kutupa taka shuleni."

Mwalimu aliaga. Wakatoka, wakapita duka la viatu, wakapita la mchuuzi wa mkaa. Chiriku alitembea nyuma. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa yeye ndiye aliyechuma, na aliyeachiwa kula ni mama wa watu, peke yake, wala hata wa kwao hakuwa. Sherehe haikumjia tena akilini. Alichokiona ni ule mgongo wa Mama Nyuzi akinyoosha mikono kwenye msumari.

Akasimama. Mwalimu akageuka kumwuliza amesahau nini, lakini Chiriku alikuwa amekwisha kugeuza njia, anakimbia. Mwalimu ikabidi amfuate.

Chiriku alimkuta Mama Nyuzi ameketi mbele ya cherehani bila kukishika. Maneno yakatoka yote kwa mkupuo, kwa kuwa maneno hayakuwa kitu adimu kwake, ila safari hii yalikuwa ya kweli.

"Mama, ni mimi. Ni mimi niliyegusa. Nilikaza robo tatu, kwenda kulia. Robo ya mwisho ilikuwa ngumu na ikalia. Gitaa lilikuwa zima, mama. Wewe hukutupa taka."

Alipomaliza akaona kivuli cha mwalimu mlangoni, akajua naye amesikia. Machozi yalimtiririka Chiriku, na hakuyafuta.

"Robo tatu?" Mama Nyuzi akauliza. "Si nne?"

"Si nne. Nilihesabu."

"Kwenda kulia zote?"

"Zote."

Mama Nyuzi akashusha pumzi ndefu, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Basi nishushie hilo gitaa. Mgonjwa akishasema anapoumwa, nusu ya tiba imekwisha."

Akaeleza, huku akilegeza nyuzi, kwamba ndani ya shingo ya gitaa mna uti wa chuma. Nyuzi zinaivuta shingo mbele, uti unaivuta nyuma, na ugomvi wao ndio unaoinyoosha. Ni kama watu wawili wanaokunja shuka, huyu anavuta huku na yule kule. Mmoja akilegeza mkono ghafla, mwenzake huenda chali. Kisha akampa Chiriku ufunguo wa pembe sita.

"Mimi?" Chiriku akauliza.

"Nani mwingine? Wewe ndiye unayeijua njia. Rudi kushoto, robo kwa robo, kama ulivyokwenda."

Chiriku alifungua kifuniko. Ile skrubu ya shaba ilipomdondokea kiganjani alimtazama Mama Nyuzi kwa aibu. Mama akamwambia kwamba aliiona tangu mwanzo. Lakini skrubu haisemi imewekwa na nani, wala uti umezungushwa mara ngapi, wala kwenda upande gani, na yeye hawezi kumwita mtoto wa watu mwongo kwa ushahidi wa skrubu. Alisema alingoja mwenyewe aseme, pale alipopangusa miwani, mpaka akachoka.

Robo ya kwanza ikarudi kwa shida, ya pili na ya tatu kwa ulaini. Mama Nyuzi akasema mbao nayo inahitaji muda wa kuvuta pumzi, kwa hiyo wakangoja. Wakati wa kungoja, mwalimu aliingia mpaka ndani, akavuta kigoda kile alichokikataa, akaketi. Alimwomba Mama Nyuzi msamaha kwa maneno aliyokuja nayo, na kwa yale mengine aliyoyasema shuleni ambayo mama huyo hakuyasikia. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Kosa la kukaza nimekusamehe leo," akasema. "Lile la 'Hapana, mwalimu' litachukua muda. Na gitaa halitakwenda tena nyumbani kwenu mpaka nitakaposema."

Chiriku alikubali kwa kichwa. Ilimuuma, lakini aliona kuwa ni haki.

Walipokaza nyuzi upya na kupiga, sauti zilikuwa zimerudi. Na yule nzi naye alikuwa amerudi, palepale kwenye vichuma vya kwanza. Chiriku akavunjika moyo. Akasema kwamba sasa wamerudi walikoanzia, na hapo walipoanzia palikuwa na ugonjwa.

"Hapo ndipo penye kazi," Mama Nyuzi akasema. "Tatizo lako lilikuwa la kweli, mwanangu. Dawa yako ndiyo iliyokuwa ya kubahatisha. Baba yako akiletewa ubao, anaanza na nini?"

Chiriku akafikiri. Polepole akalinyanyua gitaa mpaka usawa wa uso, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kama alivyomwona baba akitazama mbao maelfu ya mara. Na mara akaona. Shingo haikuwa imelegea hata kidogo. Ilikuwa imepinda kwenda nyuma, kidogo sana, ikainua mgongo wake kuelekea kwenye nyuzi.

"Imekazwa mno," akasema kwa mshangao. "Tangu mwanzo ilikuwa imekazwa mno."

Mama Nyuzi akamwuliza mwalimu kama ni yeye aliyebadilisha nyuzi. Mwalimu akasema ndiye, akaweka nyembamba. Hapo yeye mwenyewe akajipiga paji la uso. Uti ule ulikazwa kushindana na nyuzi nene. Nyembamba hazivuti kama nene, kwa hiyo uti ukashinda na shingo ikaenda nyuma. Mwalimu alikuwa amelegeza upande mmoja wa shuka bila kumwambia wa upande wa pili. Chiriku alitamani kucheka, akajizuia, maana siku hiyo si yeye wa kumcheka mtu.

Chiriku akazungusha kushoto robo moja zaidi, taratibu, akisikiliza kwa vidole. Wakangoja. Mama Nyuzi akabonyeza uzi kwenye kichuma cha kwanza na cha mwisho kwa wakati mmoja, akamwambia Chiriku apenyeze kadi nyembamba katikati, kati ya uzi na chuma. Kabla ya hapo hata unywele usingepita. Sasa kadi iliingia, ikapita bila kuusukuma uzi. Chiriku akaufunga tena uti kwa kifuniko chake, akapiga wimbo wa shule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila kichuma kilisema neno lake, wazi, hakuna nzi, hakuna "tup." Mama Nyuzi alifumba macho, na vidole vyake vya mkono wa kushoto vikawa vinacheza juu ya goti bila yeye kujua.

Jioni hiyo Chiriku alimweleza baba yake yote, akiwa amesimama mbele ya benchi. Baba aliendelea kupiga randa mpaka mwisho wa habari. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa skrubu moja ndogo nyeupe na kuiweka juu ya benchi.

"Niliikuta ndani ya kiatu changu jana," akasema. "Nilijua si yangu. Nikawa nangoja mwenyewe aje."

Chiriku akainamisha kichwa. Baba akamwuliza swali moja tu, kama kweli alihesabu zile robo. Akasema ndiyo. Baba alipuliza vumbi kwenye randa, na kwa seremala yule maneno yaliyofuata yalikuwa hotuba. Alisema kanuni yake Chiriku aliichukua nusu, akaiacha nusu ya kutazama. Lakini fundi anayehesabu hatua zake anaweza kurudi, na fundi anayesema kweli husaidiwa kurudi, na mtu mwenye hayo mawili yeye hana wasiwasi wa kumwachia karakana yake. Chiriku alilala na maneno hayo.

Ijumaa Mama Nyuzi alipita shuleni kuitazama shingo kama imetulia, na ilikuwa imetulia. Chiriku akampa ile skrubu nyeupe airudishe mahali pake. Mama aliigeuzageuza kiganjani, akaitia kwenye mfuko wa gauni. Alisema ya shaba ibaki palepale, imekwisha kuzoea.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Chiriku alipanda jukwaani na gitaa jekundu, akatazama mstari wa mbele, akamwona Mama Nyuzi amevaa nadhifu, mikono yake imesuguliwa mpaka mafuta yote ya mashine yametoka. Akapiga. Alizitoa sauti za mwanzo polepole, karibu na kichwa cha gitaa, palepale palipokuwa na ugonjwa, na sauti ikaenda mpaka kwenye ukuta wa nyuma wa uwanja. Ubeti wa pili watu walianza kuimba bila kuambiwa. Wa tatu waliimba wakiwa wamesimama.

Walipomaliza kupiga makofi, mwalimu mkuu alimwomba Mama Nyuzi aseme chochote. Alisimama, akashika kipaza sauti kama mtu aliyekizoea.

"Gitaa hili lilipata ajali wiki hii," akasema, "na leo mmelisikia. Watoto wangu, vitu huharibika. Hata mimi nimeharibu vyerehani kabla ya kujua kuvitengeneza. Lakini ukimficha fundi ulichofanya, anatibu ugonjwa mwingine. Kitu hutengenezwa kwa ukweli kwanza, bisibisi baadaye. Aliyelitengeneza hili ni huyo aliyelipiga." Akaketi.

Shule nzima ikageuka kumtazama Chiriku, na Chiriku, kwa mara ya pili katika wiki moja, hakuwa na la kusema. Ila kimya cha mara hii kilikuwa kitamu.

Nyuma kabisa ya uwanja, mtu mmoja mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi alikuwa amesimama juu ya ncha za viatu ili aone vizuri. Jua lilipiga kichwani mwa gitaa, na kitu kidogo cha njano kikametameta. Yule mtu, asiyejulikana kwa kuongea, alimgusa bega jirani aliyekuwa mbele yake, mtu ambaye hakumjua kabisa.

"Yule ni binti yangu," akamwambia. "Na ile skrubu inayong'aa pale, ile ni yangu."